Dau la Mnyonge Nalo Liende Joshi

BUGARAMA, Ngara

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Methali hii hutajwa mabarazani kumfariji mtu aliyedhulumiwa au aliyeshindwa na mwenye nguvu. Ni wachache wanaojiuliza maana yake ya asili, ile ya majini. Kwenda joshi ni kukiongoza chombo cha tanga kuelekea upande unakotoka upepo, kwa kukata huku na huku, badala ya kusukumwa tu uendako upepo. Chombo hakiiwezi kazi hiyo ila kiwe na mkuku mzima, mbavu ngumu na tanga lililokatwa sawasawa. Mnyonge aghalabu hana chombo cha namna hiyo. Hununua kilichotumika miaka mingi mikononi mwa wengine, tena hukinunua kwa haraka, nacho humpeleka upepo utakako.

Hatubishani na kudra ya Mwenyezi Mungu. Lakini tulifundishwa tangu chuoni kwamba mja humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akategemea ulinzi wa Mola wake. Katika Ziwa Viktoria vyombo vya tanga vilivyokwisha kutumika huuzwa na kununuliwa mwaloni kila msimu, na ndani yake hupanda wavuvi, wachuuzi, kina mama wenye watoto mgongoni na shehena ya jasho la mkulima. Kwa hiyo tunalo neno moja la kuwaambia wananchi wa visiwani na watumishi wa Serikali: chombo cha mkono wa pili kipimwe kwa jinsi kilivyoundwa na kwa mpango wake wa ndani, kikiwa nchi kavu, kabla ya senti moja kutolewa, na mpimaji asiwe muuzaji wala dalali.

BUGARAMA NA ZIWA

Huenda msomaji wa Bumbiire au wa Ukerewe akashangaa kusikia habari za mikuku na matanga zikitoka Bugarama, kwenye vilima vya Ngara karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo watu wamezoea mito na mabonde. Asishangae. Dagaa wanaopimwa kwa kopo gulioni kwetu walivuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa kisiwani, wakavushwa kwa mtumbwi hadi mwaloni, ndipo wakapakiwa kwenye lori. Nayo maharage na ndizi za nchi kavu huwafuata walaji huko visiwani, kama vile Ikuza, Kerebe na Goziba, ambako watu wengi wamekwenda kuvua wala si kulima. Mkulima wa kilimani na mvuvi wa kisiwani hula kutoka chungu kimoja, na kinachowaunganisha ni chombo cha mbao.

Tena, kwa miaka mingi Wilaya ya Biharamulo ilikuwa na ufuko wake wa ziwa. Chato pamoja na bandari ya Nyamirembe zilikuwa sehemu yake, hadi Chato ilipokatwa na kuwa wilaya, na Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012 ikaingizwa humo. Mipaka ya utawala ilibadilika, lakini mazao na samaki vimeendelea kupita njia zilezile.

Vijana wa bara, wake kwa waume, wanaounganisha akiba zao ili wapate chombo cha kuvushia mazao, ndio wanaodanganywa kwa urahisi kupita wote. Hawakukulia majini. Hutazama rangi, huhesabu magunia yanayoweza kuingia, hupatana bei, basi. Mtoto wa Ukara aliyelelewa juu ya kasia hawezi kuuziwa gogo bovu kwa urahisi hivyo, ingawa naye umaskini humlazimisha mara nyingine kulinunua akilijua.

ASILI YA VYOMBO VYETU

Ili tuvipime vyombo hivi kwa haki, yafaa tujue vilikotoka. Kwa desturi ya kale ziwa hili lilijua kasia kuliko tanga. Waganda na watu wa visiwa vya Sese waliunda mitumbwi mirefu na myembamba, mbao zikishonwa kwa nyuzi za mimea juu ya gogo refu la mkuku, ambalo ncha yake ilichomoza mbele ya chombo. Jahazi za vita za Kabaka Mutesa zilikuwa za namna hiyo. Zilipigwa makasia na watu wengi, kwa hiyo hazikuhitaji upana wala kina cha kuhimili mlingoti.

Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, yenye urefu wa futi 24, yaani zaidi kidogo ya mita 7, iliyobebwa mabegani kwa vipande kutoka Bagamoyo hadi Kageyi, kusini mwa ziwa. Watu wa Bumbiire wanakijua kisa chake, maana damu yao ilimwagika mwaka huo. Wakati huohuo mfanyabiashara aliyeitwa Songoro alikuwa akiunda dau huko Ukerewe kwa ufundi wa pwani. Wamisionari wa Kiingereza walinunua dau kwake. Na mwezi Desemba mwaka 1877 ugomvi baina ya Songoro na Mtemi Lukonge wa Ukerewe ulimwua Songoro mwenyewe pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill. Biashara ya vyombo ziwani humu imefungamana na maisha ya watu tangu siku zile.

Hivyo ziwa lilipata mitindo miwili ya kuunda: ule wa Sese, mrefu na mwepesi, wa watu wa kasia, na ule wa dau, mpana na mzito, wa watu wa tanga. Baadaye uzi ukaachwa, msumari ukashika nafasi yake. Zilipokuja mashine za kupachika, Sese ikakatwa ncha ya nyuma ili ipate ubao bapa wa kuishikilia mashine. Vyombo vingi vinavyouzwa leo mialoni ni watoto na wajukuu wa mitindo hiyo, na muuzaji huviita vyote kwa jina moja: mtumbwi.

VYOMBO VITATU VINAVYOFANANA

Tuchukue vyombo vitatu vya mbao vyenye urefu unaokaribiana, mita 8 hadi 9, vyote vikiwa vimetumika, vyote vikiwa na mlingoti na tanga. Kwa mbali vinafanana. Mtu asiyejua atachagua cha bei nafuu.

Cha kwanza ni Sese yenye ncha mbili. Omo yake na tezi yake zote ni kali. Upana wake ni kama mita moja na nusu au zaidi kidogo. Ni chepesi, huvutwa ufukoni na watu wachache, na wimbi linalokuja kutoka nyuma huligawa vizuri badala ya kupigwa nalo. Udhaifu wake ni wembamba. Upepo wa ubavuni hukilaza mapema, na mzigo ukirundikwa juu ya ukingo hukilaza mapema zaidi.

Cha pili ni Sese yenye tezi bapa, iliyoundwa kwa ajili ya mashine, kisha mwenyewe akauza mashine na kusimika mlingoti. Kina nafasi kubwa nyuma, na ndiyo sababu wachuuzi hukipenda. Lakini chombo cha mashine hakikuhitaji mkuku wa kina, kwa kuwa husukumwa mbele kwa nguvu ya propela. Kikifungwa tanga huteleza ubavu: omo inatazama kisiwani, chombo chenyewe kinakwenda upande. Hili ndilo dau la mnyonge hasa, ambalo halitakwenda joshi hata nahodha akiwa hodari. Tena mawimbi ya nyuma huupiga ule ubao bapa na kumwagika ndani.

Cha tatu ni dau, au mashua ya mtindo wa dau. Kwa urefu wa mita 9 upana wake hukaribia mita 3, na tumbo lake lina kina. Hapa hesabu ya wahandisi ina faida kwetu. Upana wa chombo ukizidishwa mara 2, urefu ukibaki uleule, nguvu ya kujiinua itokanayo na upana huo huzidi mara 8. Ndiyo maana dau hubeba tanga kubwa na magunia mengi bila kuyumba ovyo. Lakini ni zito, lahitaji mabaharia zaidi, mbao nyingi zaidi na matengenezo ghali, na likipigwa na upepo kinyume katika ghuba nyembamba haliwezi kuokolewa kwa makasia mawili.

Hapana chombo kibaya kwa asili kati ya hivi vitatu. Cha kwanza chafaa kutega nyavu na kuvuka masafa mafupi. Cha pili chafaa kurudishiwa mashine. Cha tatu chafaa shehena. Makosa huanza pale chombo cha kazi moja kinapouzwa kwa kazi nyingine. Hata kuipachika mashine kwenye Sese ya ncha mbili kuna hatari yake, maana hufungwa ubavuni kwa vyuma, na mtikisiko wake hulegeza mbao za upande mmoja mwaka baada ya mwaka.

Jambo hili haliko ziwani peke yake. Huko pwani majahazi hufanana machoni pa mgeni, lakini mabaharia hulitambua jahazi la Lamu kwa omo yake iliyosimama karibu wima, na la Unguja kwa omo yake iliyolala mbele zaidi. Mwenye ujuzi hukitambua chombo kwa mifupa yake kabla hajasoma jina lililoandikwa.

MKUKU, MBAVU NA MISUMARI

Ubora wa chombo huanzia chini. Mkuku ni uti wa mgongo. Mkuku wa mvule, uliokatwa kwenye kiini cha mti, hustahimili maji na wadudu kwa miaka mingi. Mbao za msonobari, kama zinazovunwa katika shamba la miti la Rubya huko Ukerewe, ni nyepesi, hupasuliwa kwa urahisi na bei yake huwa nafuu, lakini zisipotiwa dawa huoza upesi. Si dhambi kuundia chombo kwa msonobari. Dhambi ni kuupaka rangi ya kahawia na kuuuza kwa jina la mvule. Kisu kidogo kikikwanguliwa ndani ya ngama, palipofichika, husema ukweli: mvule ni mgumu na mzito, msonobari ni laini na hutoa harufu ya utomvu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba maji baridi yana adui wake. Baharini kuna wadudu wanaotoboa mbao, na ndiyo sababu mabaharia wa pwani huvipandisha vyombo na kuvichoma kwa moto wa makuti chini ya tumbo. Ziwani wadudu hao hawapo, lakini uozo una nguvu zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari huuzuia uozo na maji ya mvua na ya ziwa huulea. Chombo cha ziwa huoza kutoka ndani kwenda nje, kwenye ngama na chini ya mbao za kukanyagia, mahali ambapo maji husimama na hewa haipiti. Muuzaji hupaka lami nje, ambako pengine kuzima. Mnunuzi huangalia nje, akaridhika.

Mbavu, ambazo mafundi wa pwani huziita mataruma, zitazamwe jinsi zilivyopinda. Fundi hodari hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mviringo wa tumbo. Fundi wa haraka huchonga pindo hilo kutoka ubao ulionyooka, na hapo nyuzi hukatika njiani. Wimbi la kwanza kubwa huivunja mbavu palepale. Mbavu zihesabiwe, na nafasi kati yake ipimwe kwa shubiri. Ikiwa nafasi za katikati, penye mlingoti na mzigo, ni kubwa kuliko za pembeni, fundi alibana mbao mahali pasipostahili.

Misumari nayo husema. Msumari uliopakwa zinki hudumu. Msumari mweusi wa kawaida hulia kutu, na machozi yake mekundu huonekana kwenye mbao hata baada ya rangi. Kutu ikishaingia, tundu hupanuka, ubao hulegea, na kalafati haiwezi kushika. Chombo kilichopigwa kalafati upya kila mwezi kina ugonjwa wa misumari, si wa pamba.

MPANGO WA NDANI

Watu wengi hudhani mpango wa ndani ni suala la starehe: wapi pa kukaa, wapi pa kuweka mizigo. Kumbe ni suala la uhai. Kikao cha mlingoti kikiwa mbele mno, tanga huisukuma omo ichimbe maji. Kikiwa nyuma mno, chombo hukataa kugeuka. Kikao hicho kinatakiwa kiegemee mkuku na kushikwa na mbavu mbili au tatu. Katika vyombo vilivyogeuzwa kutoka mashine, mara nyingi utakuta mlingoti umesimama juu ya kipande cha ubao kilichogongomelewa sakafuni. Siku ya dhoruba kipande hicho hung'oka pamoja na sakafu.

Mbao za kukalia zinazokwenda kutoka ubavu hadi ubavu si viti tu. Ndizo zinazozuia mbavu zisikaribiane wala kuachana. Wachuuzi huziondoa ili wapate nafasi ya magunia, na hivyo hukiondolea chombo mifupa yake. Anayenunua atazame alama za zilipokuwa. Akikuta matundu ya misumari yaliyozibwa katikati ya ubavu, ajue kwamba ubao uliondolewa, na aulize kwa nini.

Pana pia jambo la maji ya ngama. Chombo kinapolala upande mmoja, maji yaliyomo hukimbilia upande huohuo na kuuzidisha ulalo. Kwa hiyo mpango mzuri huwa na mahali penye kina panapokusanya maji, na nafasi wazi ya kuyatekea kwa kata hata chombo kikiwa kimejaa. Shehena iliyowekwa juu ya mahali hapo ni sawa na kumfunga mtu mikono. Maharage yaliyomwagwa bila gunia nayo hukimbia kama maji. Gunia lililofungwa vizuri na kulazwa chini, pande zote mbili sawasawa, hufanya kazi ya farumi.

Mwisho, uzito. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari. Chombo ambacho pamoja na shehena kina uzito wa tani 2 huondosha lita 2,000 za maji ya ziwa ili kielee, lakini baharini kingeondosha lita 1,950 hivi. Kwa hiyo kikipakiwa kwa kipimo cha pwani, huku kwetu kitazama kidogo zaidi, na ubavu utabaki na kimo kidogo juu ya maji. Mbao kuukuu zilizonywa maji huongeza uzito wao juu ya huo.

JINSI YA KUKIPIMA

Mnunuzi adai chombo kivutwe nchi kavu na kikae siku 3. Muuzaji akikataa, mazungumzo yaishie hapo. Kikishatulia juu ya magogo, uzi uvutwe kutoka omo hadi tezi kwa urefu wa mkuku. Mkuku ukiwa umepanda katikati na ncha zimeshuka, mgongo wake umekwisha kuvunjika, na hapana fundi atakayeunyoosha kwa bei ya kawaida.

Kisha nyundo ya mti ipigwe taratibu ubao kwa ubao. Ubao mzima hutoa sauti kavu. Uliooza hutoa sauti ya kufa. Ncha ya kisu ijaribiwe kwenye maungio ya mkuku, chini ya mbao za kukanyagia na kuzunguka kikao cha mlingoti. Ndoo chache za maji zimwagwe ndani, na watu watazame nje yanapojitokeza. Kisijazwe hadi juu, maana uzito wa maji bila maji ya nje ya kuusawazisha huweza kuzifungua mbao.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Chombo kilichokaa juani muda mrefu huonyesha nyufa, kwa kuwa mbao zimekauka na kujikunja. Kikirudishwa majini huvuja siku ya kwanza na ya pili, kisha mbao huvimba na kuziba. Mvujo unaopungua kila siku si kasoro. Mvujo unaobaki palepale, au unaoongezeka tanga likivuta, ndio kasoro.

Tanga litandazwe chini. Tanga la viroba vilivyoshonwa ni la mnyonge na halina aibu, lakini likinyooka na kutokwa na tumbo halivuti kuelekea joshi. Foromali itazamwe kama ina mpasuko karibu na kamba ya henza. Mwisho wa yote, chombo kisafirishwe kitupu, kisha na mzigo, mbele ya mnunuzi, saa ambazo upepo wa ziwa umeamka mchana, wala si asubuhi maji yakiwa shwari kama kioo.

NENO KWA WATUMISHI WA SERIKALI

Waliosoma Kurani wanakijua kisa cha Nabii Musa na mja mwema aliyejulikana kwa jina la Hidhri. Walipanda chombo cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na Hidhri akakitia kasoro. Nabii Musa akastaajabu. Baadaye akaelezwa kwamba nyuma yao palikuwa na mfalme aliyekuwa akipokonya kila chombo kizima, na kasoro ile ikawaokolea maskini mali yao. Katika mialo yetu mambo yamepinduka: anayeijua kasoro huificha ili amuuzie maskini. Lakini kisa hicho kina funzo jingine kwa mwenye madaraka. Mtawala akiogopwa, watu huvificha vyombo vyao, vizima na vibovu. Mkaguzi ambaye kazi yake ni faini tu atavikuta vyombo vimeingizwa matetini. Mkaguzi anayefundisha ataletewa vyombo mwaloni.

Tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na leseni zake. Tunalo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kukabidhiwa jukumu la usalama wa vyombo vya majini. Tunavyo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, katika mialo. Mwezi Januari mwaka 2024, mjini Mwanza, Serikali ilikabidhi wavuvi boti za kisasa kwa mkopo. Hayo yote ni ya kupongezwa. Lakini boti hizo haziwezi kuwafikia wote kwa mara moja, na aliyekosa atanunua mtumbwi wa mkono wa pili. Huyo naye ni raia.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi kikiomba mkopo wa kununua chombo kilichotumika, ombi lisipitishwe kwa karatasi ya bei peke yake. Liambatane na maelezo ya fundi asiye na maslahi katika mauzo, yakitaja mti wa mkuku, hali ya mbavu na misumari, mpango wa ndani, na idadi ya watu na uzito unaoruhusiwa. Fedha ya umma ikizama, kikundi hubaki na deni, na pengine na misiba.

Tena kila chombo kiwe na daftari lake, kama mtoto alivyo na kadi ya kliniki. Ndani yake iandikwe mwaka kilipoundwa, jina la fundi, aina ya mbao, matengenezo yaliyofanywa na wenyewe waliokimiliki. Daftari hilo likabidhiwe pamoja na chombo kinapouzwa. Kitabu cha karatasi na kalamu havihitaji bajeti kubwa. BMU inaweza kuanza kwenye mwalo mmoja. Na mafundi wazee wa kuunda, ambao ujuzi wao umo mikononi na haujaandikwa, wapewe vijana wa kuwarithi, kwa ushirikiano na chuo cha uvuvi cha Nyegezi.

Hatuna haja ya kukumbushwa gharama ya uzembe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, wengi wao ndugu zetu wa Kagera. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa vya mashine, na taifa zima liliomboleza. Mtumbwi wa tanga wenye watu 6 ukipotea usiku, huombolezewa na kijiji kimoja, na mara nyingi hapana tume inayoundwa kuuliza kama mkuku ulikuwa mzima.

Basi wazee wa visiwani wanaovijua vyombo wasinyamaze mgeni wa kutoka bara anapouziwa gogo lililooza mbele ya macho yao. Vijana wa Bugarama na wenzao wa Biharamulo wasione haya kumwomba mzee wa Ukara au wa Bumbiire awatazamie mkuku kabla hawajalipa. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya ubao mmoja. Na mtumishi wa Halmashauri mwenye mhuri mkononi ashuke mwaloni, avue viatu, ainame chini ya tumbo la chombo pamoja na fundi, ndipo aweke sahihi.